Analala Bila Mto

Mto wangu wa kwanza wa kulalia niliununua Bariadi nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika duka ambalo miaka michache kabla yake lilikuwa likiuza viberiti na chumvi, tena kwa foleni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila lori lililoingia mjini lilishusha kitu ambacho macho yetu hayakuwa yamekizoea: sabuni za kunukia, betri za redio, marobota ya mitumba, magodoro ya sponji yaliyosimamishwa mbele ya maduka mpaka yakaziba milango. Mto wangu ulikuwa wa sponji hiyohiyo, na foronya yake ilikuwa na maua mekundu makubwa. Niliukumbatia njia nzima hadi kwenye nyumba za wauguzi. Nilipoulalia mara ya kwanza shingo iliniuma mpaka asubuhi, lakini sikuuondoa. Mtu aliyeajiriwa, nilijiambia, analalia mto.

Kwetu, Nyalikungu kule Maswa, hapakuwa na mto. Si kwamba tulikuwa mafukara. Tulikuwa na ng'ombe, na nyumba yetu ilikuwa ya bati. Baba alilima pamba maisha yake yote, na sisi watoto tuliichuma mpaka vidole vikachanika kwa maganda yake makavu. Tuliipanga kwa daraja, nyeupe huku, yenye madoa kule, tukaijaza kwenye magunia na kuishindilia kwa miguu, tukiruka na kuimba. Kisha ikaondoka. Haikumpitikia mtu yeyote nyumbani, hata mama aliyejua kushona, kubakiza makonzi machache na kumshonea mtoto kitu cha kuweka kichwa. Pamba ilikuwa ya kuuza. Sisi tulilalia mkono, au khanga iliyokunjwa, au ubavu wa ndugu.

Ninaanza na jambo hili kwa sababu nilikuwa ninalijua. Kati ya yote ninayoyajutia, hili ndilo lisiloniachia pa kujificha.

Hospitali niliyopangiwa ilikuwa na wodi chache na veranda ndefu, na mbele yake miarobaini ambayo ndugu wa wagonjwa walianika nguo kwenye matawi yake. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, na sisi tulijiona tuko mbali na kila mtu. Wodi ya wanawake iliongozwa na Sista mmoja mfupi, mnene, mwenye hatua za haraka, aliyetoka upande wa ziwa na kuolewa huku. Kisukuma alikiongea kwa lafudhi ya kwao, lakini alikiongea, na wagonjwa walimpenda kwa hilo. Mimi aliniita msomi. Si kwa sifa.

Wagonjwa wa moyo walikuwa wake. Daktari aliusikiliza moyo kwa kifaa chake shingoni, akaandika, akaondoka. Sista aliusikiliza kwingine. Aliweka dole gumba juu ya muundi wa mgonjwa, akabonyeza, akahesabu taratibu mpaka tano, kisha akaliondoa na kutazama shimo lililobaki. Lilipokuwa la kina na kukawia kujaa, alijua maji yamekaa mwilini. Alimgeuza mgonjwa uso kuelekea dirishani ili auone mshipa wa shingo. Alimpima uzito kila asubuhi kabla ya uji, kwa sababu, alisema, mgonjwa wa moyo akinenepa kwa siku mbili hajanenepa, amejaa maji. Na kabla ya kumpa mtu kidonge cha moyo, alishika mkono wake na kuhesabu mapigo dakika nzima, macho kwenye saa, midomo ikicheza. Yakiwa chini ya sitini, kidonge kilirudi kwenye kopo.

"Nusu dakika halafu unazidisha mara mbili, Sista, si ni sawa?" nilimwuliza siku zangu za mwanzo.

"Ni sawa kwa saa. Moyo si saa. Moyo unaweza kujikwaa katika ile nusu uliyolala."

Siku nyingine nilimletea kadi ya mama mmoja ambaye uvimbe wake haukutaka kupungua.

"Umemwuliza chumvi?"

"Nimemwuliza. Ameacha kabisa."

"Na magadi?"

"Magadi?"

"Mlenda kwenu mnaulainisha kwa nini, msomi? Kwa manukato?"

Wagonjwa wakacheka. Mama yule akakiri kutoka kitandani kwamba magadi, ndiyo, anatia, kwani magadi nayo ni chumvi? Sista hakumgombeza. Aliniangalia mimi. Alikuwa akiniambia kwamba swali zuri huulizwa mpaka jikoni kwa mtu, na ningekuwa na akili ningelishika somo lile siku ileile.

Nilikuwa na akili ya namna nyingine. Chuoni nilikuwa wa kwanza darasani, na nililipenda swali moja kuliko maswali mengine yote ya tathmini ya moyo. Swali lenyewe lilikuwa hili: unalalia mito mingapi? Nililiona kama shairi. Moyo ukichoka, maji hurudi nyuma na kupanda mapafuni, na mtu akilala chali anabanwa na pumzi kama anayezama. Basi anajiinua. Anaongeza mto. Ugonjwa ukizidi anaongeza wa pili, wa tatu, mpaka analala ameketi. Idadi ya mito inakuambia jinsi moyo ulivyo hoi. Swali dogo la kitandani, na jibu lake ni tarakimu! Niliwapenda walimu wangu kwa ajili ya swali lile.

Mgonjwa ninayemwandika alikuja mwanzoni mwa msimu wa kuchuma pamba. Yeye na mumewe walitoka Kimali, kule Meatu, safari ya malori mawili na mapumziko ya siku nzima katikati, kwa sababu binti yao mmoja alikuwa ameolewa Bariadi na alitaka mama yake awe karibu. Alikuwa mrefu, mkavu juu na mnene chini: mifupa ya mabega ilionekana, na miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Mkononi alivaa bangili mbili za shaba zilizogongana kila alipoeleza jambo, na alieleza mambo mengi. Hata alipokuwa hana pumzi alitaka kuongea. Alisema maneno matatu, akasimama, akavuta hewa, akaendelea pale alipoachia, na hakuruhusu mtu amalizie sentensi yake.

Wodi ilikuwa na kitanda kimoja tu cha chuma chenye mgongo unaoinuka. Sista alimpa hicho. Dawa ya kutoa maji ikafanya kazi, na siku baada ya siku miguu ile ikashuka, ikakunjamana, ikarudi kuwa miguu ya mtu. Yeye mwenyewe alijifunza lile dole gumba. Kila asubuhi, kabla sijafika kitandani, alikuwa amekwisha kujibonyeza, na alinipigia kelele kutoka mbali:

"Ng'wanone! Njoo uone, kisima kinakauka!"

Ng'wanone, mwanangu. Kwetu mtu mzima humwita hivyo kijana yeyote, lakini yeye alilitamka kama vile amenizaa na kunisahau mahali, na sasa ameniona.

Mumewe alikaa kwenye veranda. Mzee wa kofia na fimbo, mwenye maneno machache. Kwa sababu binti yao alikuwa na mtoto mchanga, mzee huyo ndiye aliyemfulia mkewe khanga na kuzianika kwenye miarobaini mbele ya watu wote. Wanawake hawakumwacha.

"Mzee, kwani umeolewa wewe?"

"Nimeolewa," alijibu bila kuinua kichwa. "Tena kwa ng'ombe wengi. Ninyi wenzangu mliolewa kwa mbuzi."

Walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake wa tumbo na kumwomba anyamaze. Mzee akaendelea kukamua khanga.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Sista alimpa mama yule maagizo yake mwenyewe kwa Kisukuma, akimshika mkono. Dawa hii asubuhi, hii jioni. Magadi, hapana. Maji, vikombe hivi tu. Arudi kliniki baada ya mwezi. Kadi yake niliiweka mimi kwenye sanduku.

Mwezi ulipotimia Sista alikuwa likizo. Alikuwa amefiwa kwao, na aliondoka akiniachia kliniki ya moyo kwa maneno mafupi: "Usikimbie." Siku hiyo mabenchi yalijaa mapema. Tabibu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akiita mmoja mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuwapima wagonjwa nje, kuandika tathmini kwenye kadi, na kuipeleka kadi mbele ya mgonjwa mwenyewe. Tabibu alisoma nilichoandika na kuamua dawa. Ni mimi niliyekuwa macho yake. Nilijua hivyo, na nilijivuna.

Walikuja wote wawili. Mama yule alinisalimu kutoka mlangoni, bangili zikilia, na nikamwitikia harakaharaka. Nilimpima uzito. Nilibonyeza miguu: shimo lilikuwepo, dogo, si la kutisha. Nilihesabu mapigo dakika nzima, kama nilivyofundishwa, yakawa mazuri. Mpaka hapo sina lawama. Kisha nikafika kwenye swali langu.

Ningeweza kumwuliza kwa Kisukuma. Nilikuwa ninakiongea kabla ya lugha nyingine yoyote. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jeupe na kofia yenye pindo, na mbele yangu walikaa watu wa aina ya mama zangu wadogo, na niliogopa kwamba nikifungua kinywa kwa lugha ya nyumbani wataona kwamba mimi ni mtoto wa Nyalikungu tu. Nikauliza kwa Kiswahili cha chuoni.

"Unalalia mito mingapi?"

Alinitazama. Akamtazama mumewe. Kisha akatupa kichwa nyuma.

"Mito? Ng'wanone, kwani mimi ni bibi harusi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akadakia, "Mwulize na shuka zake zimetariziwa maua gani!"

"Mayu, nijibu tu," nilisema, nikisikia masikio yangu yakipata moto. Mayu ni mama. Neno hilo moja la Kisukuma lilinitoka bila ruhusa. "Ni mmoja? Miwili?"

"Sina mto. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na mto. Kaandike hivyo, na huyo daktari wako naye acheke."

Alipomaliza kucheka alikaa kimya akivuta pumzi, na alivuta kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Niliona. Sitasema sikuona. Niliona, na nikadhani ni kicheko kimemchosha.

Mumewe alikuwa ameinama mbele, kofia mkononi.

"Nyumbani," alisema kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga, "huwa anakaa na..."

"Baba, subiri kidogo," nilimkata. "Ninamwuliza mgonjwa."

Akaiweka kofia juu ya goti lake, akaisawazisha kwa kiganja.

Nikaandika: Analala bila mto. Hali nzuri.

Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile. Siku hizi ninaandika riwaya, na kuna watu ambao huketi na kubishana juu ya sentensi zangu. Hakuna sentensi yangu iliyowahi kusomwa kwa imani kama ile. Tabibu aliisoma akiwa bado anamsikiliza mgonjwa aliyetangulia akishukuru mlangoni. Kama analala chali bila mto wala kubanwa, basi mapafu yake ni makavu. Akapunguza dawa ya kutoa maji kwa nusu, akamwambia arudi baada ya miezi miwili. Alifanya sawasawa na kadi ilivyomwambia.

Na mimi, nikiwasindikiza, nikaongeza la kwangu. Nilitaka kuwa mwema, labda kwa sababu nilikuwa nimemkata mzee wa watu. Nilimshika mama yule mkono kama Sista alivyofanya, nikamwambia:

"Mayu, dawa kubwa ya moyo ni kupumzika. Ukifika nyumbani ulale. Usikaekae. Ulale kabisa, unyooshe mgongo. Na ninyi mumsimamie, Baba."

"Tumesikia," alisema mzee. Kisha akasema, "Wabeja." Asante.

Sista alirudi baada ya wiki tatu, akiwa amenyoa nywele kwa msiba. Siku ya kwanza alikaa na sanduku la kadi, akazisoma zote za kliniki aliyoikosa, moja baada ya nyingine, akilamba kidole. Nilikuwa nikikunja bandeji meza ya pili.

"Hii kaandika nani?"

"Ni mimi, Sista."

"Analala bila mto. Maana yake nini?"

"Kwamba anaweza kulala chali. Habanwi."

"Nani kakuambia habanwi?"

"Hana mto, Sista. Amesema mwenyewe, mbele ya watu."

Aliivua miwani. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Kwenu Maswa, baba yako analalia mito mingapi?"

Nilishika bandeji yangu.

"Ninakuuliza, msomi."

"Hana mto."

"Akiugua moyo, baba yako, akabanwa na pumzi. Atalalaje?"

Nikamwona. Nilimwona baba yangu waziwazi kuliko nilivyoiona ile meza: ameburuta kigoda mpaka ukutani, ameegemeza mgongo, mikono juu ya magoti, kinywa wazi, anangoja kuche. Hana mto hata mmoja. Na mimi ninakuja na kalamu, ninaandika kwamba hali yake ni nzuri.

"Ataegemea kitu," nilisema.

"Na huyu anaegemea nini?"

Sikujua. Kulikuwa na mtu aliyetaka kuniambia.

Simu haikufika Kimali siku zile. Binti yao aliyeolewa Bariadi tulimkosa. Majirani walisema ameitwa nyumbani, hawakujua kwa lipi, na Sista aliposikia neno kuitwa alikaza midomo. Siku tano baadaye tulipata nafasi kwenye gari la chanjo lililokuwa linakwenda Mwanhuzi, kule Meatu. Tulikaa nyuma, katikati ya masanduku ya barafu, kopo la dawa ya kutoa maji likiwa kwenye mkoba wa Sista, dozi kamili. Kila lilipotikisika nilisikia vidonge vikigonga bati. Nje, nchi ilizidi kukauka kadiri tulivyosonga, majani yakawa rangi ya ngozi ya ng'ombe, na njiani tulipishana na malori ya wanunuzi wa pamba. Zamani pamba ilisubiri chama cha ushirika, ikasubiri sana, majumbani mwa watu. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuja mpaka mlangoni.

Tulipofika Kimali tuliona uani kwa mzee watu wengi kuliko kawaida ya familia, na wanawake wamefunga khanga kiunoni wakiosha masufuria makubwa. Sista alisimama kabla hatujafika kwenye boma la ng'ombe. Aliniangalia mara moja tu. Hatukuhitaji kuuliza.

Mzee alitupokea vizuri. Hilo ndilo linaloniwia gumu kulisimulia. Alitupa viti, akaagiza maziwa mgando, akamshukuru Sista kwa kuja kutoka mbali namna ile kuhani. Aliamini tumesikia habari, tukaja kwa ajili ya msiba. Sista hakumsahihisha, na mimi pia sikumsahihisha.

"Baba," Sista alisema baada ya muda, kwa Kisukuma chake cha ziwani, "mama alikuwa analalaje?"

"Njooni mwone."

Kilikuwa chumba cha kulala, na pembeni mwake ndimo walimohifadhi pamba. Harufu ya mbegu za pamba ilikuwa bado imo, ile harufu ya mafuta na vumbi niliyokulia. Ukutani, kwenye udongo, nyuzi nyeupe zilikuwa zimeganda, zikionyesha magunia yalivyopangwa mpaka kifuani kwa mtu. Mzee aliweka kiganja kwenye nyuzi hizo.

"Hapa. Alikuwa anaegemea pamba. Tangu tulipotoka kwenu hospitali. Gunia moja chini, mawili nyuma, hivi, na moja ubavuni. Alisema hapo pumzi inakaa. Tulikuwa tunamtania kwamba analinda mali yake isiibwe."

"Na baadaye?"

"Mnunuzi alikuja na gari. Wengine kijijini walikataa, wakasubiri gari la pili, labda bei itapanda. Sisi hatukusubiri." Akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Wewe, ng'wanone, ulimwuliza habari ya mito. Tulipofika nyumbani mabinti zangu wakasema, muuguzi hawezi kuuliza kitu bure, mara mbili, mbele za watu. Basi mto ni sehemu ya dawa. Na ukasema anyooshe mgongo. Tukauza pamba, tukampelekea mtu hela Mwanhuzi, akatuletea godoro na mto."

Vilikuwa pale. Godoro la sponji, bado katika nailoni yake. Na juu yake mto mmoja, mwembamba, wa maua mekundu makubwa. Ulikuwa ndugu wa mto wangu, labda walishuka kwenye lori moja.

"Siku ya kwanza alilala kidogo akaamka. Akasema hapana, hapa ninazama, nipeni pamba yangu. Binti akamwambia, mayu, pamba imekwenda, nawe ulale, umesahau alivyosema muuguzi? Akalala. Siku ya pili vilevile. Mwanamke yule hakuwahi kumtii mtu, mimi nikiwa wa kwanza." Akatabasamu, tabasamu likakaa usoni likiwa halijui liende wapi. "Kwako wewe alitii. Siku ya nne asubuhi tulikuwa tunakamua ng'ombe. Tuliporudi alikuwa amelala vizuri, kama ulivyosema. Amenyoosha mgongo."

Sista alimshika mzee bega. Alimwambia kwamba ugonjwa ulikuwa mkubwa, na huo ulikuwa ukweli. Mimi nilifungua kinywa. Nilikuwa na sentensi tayari. Nilikuwa nimeipanga tangu aliposema neno pamba. Baba, siku ile ulitaka kuniambia, nami nikakukata. Maneno machache tu, kwa lugha niliyozaliwa nayo.

Mzee akanitangulia.

"Wabeja, ng'wanone," alisema. "Tulifanya yote uliyosema. Hatukupuuza hata moja."

Nikaona kwamba sentensi yangu ingemnyang'anya hicho alichobaki nacho, kwamba walifanya yote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa miaka kadhaa nilikuita kunyamaza kwangu huruma. Siku hizi sina uhakika. Mtu aliyeogopa kuonekana mtoto wa Nyalikungu kwenye benchi la kliniki huenda aliogopa tu, kwa mara nyingine. Nilikunywa maziwa yake mpaka mwisho wa kibuyu, kwa sababu kwetu hukatai.

Kwenye gari Sista hakuniita msomi. Karibu na Maswa alisema, akitazama nje, "Moyo ule ulikuwa umechakaa. Huenda angekufa tu, hata akiwa na pamba ya wilaya nzima."

"Huenda?"

"Hatutajua. Ungeandika ukweli, tungejua."

Siku iliyofuata nilitoa kadi yake kwenye sanduku. Kadi za waliofariki zilifungwa kwa uzi na kupelekwa stoo, na kabla haijaenda nilitaka kuitoa ile sentensi yangu. Nilikuwa na wembe, tayari kuikwangua karatasi taratibu kama tulivyokuwa tukikwangua makosa shuleni. Sista aliuona wembe.

"Kadi haikwanguliwi," alisema. "Kosa linapigwa mstari mmoja, lisomeke. Halafu unaandika chini yake."

Nikapiga mstari mmoja. Analala bila mto. Hali nzuri. Ilisomeka vizuri sana. Chini yake niliandika, na mwandiko wangu haukuwa ule wa mwanafunzi wa kwanza darasani: Nyumbani huwa anakaa na magunia ya pamba. Anayaegemea mpaka kunakucha. Akilala chali anazama. Amesema mume wake.

Nikatia sahihi. Sista aliichukua, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Amesema lini?"

"Siku ile ya kliniki," nilijibu. "Alianza kusema."

Akaifunga kadi kwa uzi.